Bordeaux ilivyorudishia waendao kwa miguu ukingo wa mto, na deni lililowaangukia wa pembezoni

MGENI anayewasili Bordeaux, jiji la kale lililo kando ya mto Garonne kusini-magharibi mwa Ufaransa, anaweza kukaa huko wiki nzima bila kukodi gari wala kuita teksi.

Garimoshi la kasi humtoa Paris na kumfikisha katika stesheni ya Saint-Jean kwa muda wa saa mbili hivi. Nje ya stesheni hupanda tramu, yaani gari la reli la mjini, ambayo humpeleka kando ya mto hadi uwanja wa Place de la Bourse na kuendelea hadi uwanja mkubwa wa Quinconces. Akifika kwa ndege, tramu nyingine humchukua kutoka uwanja wa ndege wa Mérignac, tangu reli hiyo ilipofikishwa huko mnamo Aprili 2023. Yaliyosalia atayamaliza kwa miguu, kwa baiskeli ya kukodi au kwa mashua ya abiria inayovuka mto.

Sifa hizi zimeifanya Bordeaux kutajwa mara kwa mara miongoni mwa mifano ya kuigwa na miji inayolemewa na misongamano ya magari. Wajumbe kutoka mataifa mbalimbali huzuru jiji hilo, wakapiga picha kando ya mto, kisha wakarejea makwao na ndoto ya tramu.

Hata hivyo, wahenga walisema ukiona vyaelea, vimeundwa. Anayetaka kuiga Bordeaux sharti aulize maswali mawili. Kwanza, kazi hii iliundwa vipi na kwa fedha za nani? Pili, ni nani aliyefaidika, na ni nani aliyeachwa ng'ambo ya faida hiyo?

Swali la pili ndilo zito, na ndilo ambalo wageni wengi huondoka bila kuliuliza.

Hali ilivyokuwa

Bordeaux hujulikana pia kama Bandari ya Mwezi, kwa sababu mto Garonne hupinda mbele ya jiji kwa umbo la hilali. Maji yake ni ya rangi ya kahawia kutokana na tope, nayo hupanda na kushuka kwa kufuata maji kujaa na maji kupwa ya bahari ya Atlantiki. Jiji lenyewe lina wakazi wapatao 260,000. Likijumuishwa na mitaa na miji midogo inayolizunguka, ambayo yote ni manispaa 28 zenye halmashauri moja ya pamoja, idadi hiyo inapita 800,000.

Jiji la zamani limejengwa katika ukingo wa kushoto. Huko ndiko yaliko majumba ya mawe ya karne ya 18, makanisa makuu na masoko. Ukingo wa kulia, kuanzia mtaa wa La Bastide hadi vilima vya Cenon, Lormont na Floirac, ulikuwa makao ya wafanyakazi wa viwanda na bandari, na baadaye wa familia nyingi za wahamiaji katika nyumba za kupangisha zilizojengwa na serikali.

Kati ya pande hizi mbili palikuwa na daraja moja tu la barabara hadi mwaka wa 1965. Hilo ni Pont de Pierre, daraja la mawe lenye matao 17, lililokamilika mnamo mwaka wa 1822. Kwa hivyo mto huo haukutenganisha kingo pekee. Ulitenganisha pia hali za maisha.

Kama miji mingi ya Ulaya, Bordeaux ilikuwa na tramu tangu karne ya 19. Zikaondolewa mnamo mwaka wa 1958, enzi za meya Jacques Chaban-Delmas, aliyeliongoza jiji hilo kuanzia mwaka wa 1947 hadi 1995. Siku hizo gari la binafsi lilionekana kuwa alama ya maendeleo, na reli za mjini zikadhaniwa kuwa takataka za zamani.

Matokeo yake yalikuwa yale yale ambayo mkazi wa Nairobi au Kampala anayafahamu. Magari yalijaa katika barabara nyembamba zilizojengwa kwa ajili ya farasi na mikokoteni. Uwanja wa Place de la Bourse, fahari ya jiji, ukageuka kuwa mahali pa kuegesha magari. Kuta za mawe ya rangi ya asali zikawa nyeusi kwa moshi na masizi.

Kando ya mto mambo yalikuwa mabaya zaidi. Shughuli za bandari zilipohamia chini ya mto, maghala matupu yalibaki yamejipanga mithili ya ukuta. Mbele yake ikapita barabara yenye magari mengi. Mkazi wa Bordeaux akawa anaishi kando ya mto asiouona.

Uamuzi na utekelezaji

Serikali ya Chaban-Delmas ilitambua tatizo hilo, ikapendekeza reli ya chini ya ardhi. Mpango huo ulijadiliwa kwa miaka mingi, gharama zikapanda, upinzani ukaongezeka, na mnamo mwaka wa 1994 ukatupiliwa mbali.

Mwaka uliofuata, Alain Juppé, ambaye wakati huo alikuwa pia Waziri Mkuu wa Ufaransa, alichaguliwa kuwa meya. Aliamua kurejesha tramu juu ya ardhi. Tofauti ya maamuzi hayo mawili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Reli ya chini ya ardhi huwaficha abiria ili magari yaendelee kutawala juu. Tramu hudai nafasi yake barabarani, na nafasi hiyo haiwezi kupatikana pasipo kunyang'anywa gari.

Kulikuwa na kikwazo kimoja kilichohusu historia ya jiji. Walinzi wa turathi hawakutaka nyaya za umeme zipite juu ya viwanja na mbele ya majumba ya kale. Wahandisi wakabuni njia ya kupitisha umeme katika reli ya tatu iliyofukiwa ardhini kati ya reli mbili za kawaida. Reli hiyo imegawanywa katika vipande vifupi, na kipande hupata umeme pale tu tramu inapokuwa juu yake, hivyo anayevuka kwa miguu hana hatari.

Tramu ya kwanza ilizinduliwa mnamo Desemba 2003 na Rais Jacques Chirac. Miezi ya mwanzo ilikuwa ya aibu. Mfumo huo wa umeme uliharibika mara kwa mara, abiria wakakwama, na waliopinga mradi wakapata la kusema. Wenye mamlaka hawakuung'oa. Waliwashinikiza waliotengeneza mitambo mpaka ikatengemaa. Baadaye teknolojia hiyo ilinunuliwa na miji mingine, ikiwemo Dubai.

Sambamba na reli, maghala mengi ya kando ya mto yalibomolewa. Msanifu wa mandhari Michel Corajoud akapewa kazi ya kuugeuza ukingo wa kushoto kuwa mahali pa kutembea, kuendesha baiskeli na kupumzika. Mnamo mwaka wa 2006 kikafunguliwa kidimbwi kipana chenye maji ya kina cha sentimita chache tu, mkabala na Place de la Bourse, ambamo watoto hucheza nyakati za joto na majumba ya kale hujiona kama katika kioo. Mwaka uliofuata, shirika la UNESCO likaliorodhesha eneo kubwa la jiji hilo kuwa turathi ya dunia.

Daraja la Pont de Pierre nalo likafuata mkondo huo. Mnamo Agosti 2017 magari ya binafsi yalipigwa marufuku kulipitia kwa majaribio, na baadaye marufuku hayo yakawa ya kudumu. Daraja likaachiwa tramu, mabasi, baiskeli na waendao kwa miguu. Madereva walionya kwamba jiji lingesimama. Halikusimama.

Mnamo Januari 2022, chini ya meya Pierre Hurmic wa chama cha kijani aliyechaguliwa mwaka wa 2020, mwendo wa magari katika barabara nyingi za jiji ulipunguzwa hadi kilomita 30 kwa saa. Daraja jipya la Simone Veil, lililofunguliwa mnamo Julai 2024, lina upana wa mita 44, na sehemu kubwa ya upana huo imetengewa watu na wala si magari.

Anachokiona atembeaye

Kutembea kuna faida nyingine isiyopimwa kwa dakika zinazookolewa. Anayepita kwa gari huona sura za majumba. Anayepita kwa miguu hulazimika kuuliza yalijengwa kwa mali ya nani.

Utajiri wa Bordeaux katika karne ya 18 ulitokana kwa kiasi kikubwa na sukari, kahawa na bidhaa nyingine zilizolimwa na watumwa katika visiwa vya Karibi. Isitoshe, meli za jiji hilo zilishiriki moja kwa moja katika biashara ya binadamu. Wanahistoria wanakadiria kwamba kati ya Waafrika 120,000 na 150,000 walisafirishwa na meli hizo. Kuelekea mwisho wa karne hiyo, baadhi yake zilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kuja kutafuta mateka katika pwani ya mashariki ya Afrika, hasa Msumbiji.

Tangu Mei 2019 pana sanamu ya mwanamke mmoja kando ya mto, katika njia hiyo hiyo iliyokombolewa kutoka kwa magari. Jina lake la kuzaliwa ni Al Pouessi. Alizaliwa Afrika Mashariki, katika nchi inayoitwa leo Ethiopia, akatekwa angali msichana, akanunuliwa na ndugu wawili wafanyabiashara wa Bordeaux na kupelekwa katika koloni ambayo leo ni Haiti. Huko akapewa jina la Modeste Testas, kwa ukoo wa waliomnunua. Alipata uhuru wake mwaka wa 1795. Mjukuu wake, François Denys Légitime, alikuja kuwa rais wa Haiti.

Sanamu hiyo ilichongwa na msanii wa Haiti anayejulikana kama Filipo. Wapo wanaosimama kuisoma, wapo wanaopita. Lakini barabara ya magari ingekuwa ingali pale, asingekuwapo wa kusimama.

Fedha zilitoka wapi?

Wanaoisifu Bordeaux aghalabu husahau mhimili wa mambo yote haya. Sheria za Ufaransa zilizoanza kutungwa miaka ya 1970 huziruhusu halmashauri za miji kutoza waajiri ushuru maalumu wa uchukuzi wa umma. Leo ushuru huo huwahusu waajiri wenye wafanyakazi 11 au zaidi, na hukadiriwa kwa kufuata jumla ya mishahara wanayolipa.

Mantiki yake ni nyepesi. Kampuni hufaidika wafanyakazi wake wakifika kazini kwa wakati, basi na ichangie gharama za kuwafikisha. Kwa hivyo nauli ya abiria haibebi mzigo wote, na halmashauri hupata kipato cha kutegemewa mwaka hadi mwaka bila kungoja hisani ya serikali kuu wala mikopo ya kila mara.

Jambo la pili ni nguvu za kisheria. Halmashauri ya manispaa 28 ndiyo hupanga njia, huweka nauli na kuandika mikataba na kampuni inayoendesha magari. Tiketi ile ile ya tramu hutumika katika basi na katika mashua. Abiria hana haja ya kujua ni nani mwenye chombo.

Hayo mawili, yaani kipato cha kudumu na mamlaka moja, ndiyo msingi. Reli na kidimbwi ni paa.

Deni la pembezoni

Mgala muue na haki umpe. Bordeaux imefanya makubwa, na mojawapo ya mema yake ni kwamba njia ya kwanza ya tramu ilivuka mto na kupanda hadi Cenon na Lormont. Vijana wa vilima vile walipata kufika katikati ya jiji kwa nauli moja, jambo lililowagharimu wazazi wao mabasi mawili au matatu.

Lakini uzuri una bei yake sokoni. Kadiri jiji lilivyopendeza, ndivyo kodi za nyumba na bei za viwanja zilivyopaa. Garimoshi la kasi lilipoanza kuunganisha Bordeaux na Paris kwa saa mbili mnamo Julai 2017, wengi waliamini kwamba matajiri wa Paris wangelivamia jiji. Hata zikabandikwa karatasi mitaani za kuwataka warudi kwao.

Waliolipa gharama hiyo ni wauguzi, wapishi, wasafishaji, mafundi na makarani. Hao walihamia vijiji na miji midogo kilomita 30, 40 au 50 kutoka Bordeaux, ambako kodi ya nyumba ingali nafuu. Huko tramu haifiki, basi hupita kwa nadra, na anayeanza kazi saa kumi na moja alfajiri hana namna ila gari lake.

Hivyo kikazuka kinyume cha kushangaza. Aliye na uwezo wa kukaa karibu na mto huishi bila gari, akasifiwa kwa kuyahifadhi mazingira. Asiye na uwezo huo analazimika kununua gari, kulitia mafuta, kuliegesha mbali na katikati ya jiji, kisha analaumiwa kwa kuchafua hewa.

Mnamo Novemba 2018, serikali ya Ufaransa ilipokusudia kuongeza ushuru wa mafuta, yalizuka maandamano ya watu waliovaa vizibao vya manjano. Bordeaux, jiji lililodhaniwa kuwa tulivu na lenye kuridhika, likawa miongoni mwa ngome kubwa za maandamano hayo. Jumamosi baada ya Jumamosi, watu walitoka maeneo ya mbali wakaingia katika viwanja vile vile vilivyokarabatiwa, wakakabiliana na polisi mbele ya majumba yaliyosafishwa.

Si haki kudai kwamba tramu ndiyo iliyozaa ghadhabu hiyo. Yalikuwapo mengi: mishahara midogo, huduma za umma zilizofungwa vijijini, na dharau ya wakubwa. Lakini ramani ya ghadhabu na ramani ya reli zilikaribia kupeana migongo, na wenye kupanga miji waliliona hilo.

Ndipo zikaanza hatua za kurekebisha. Tangu Julai 2021, nauli za Bordeaux za tiketi za muda mrefu hupunguzwa kwa kuangalia kipato cha familia, na walio hohehahe kabisa husafiri bure. Mnamo mwaka wa 2024 ilianzishwa njia ya basi la kasi linalotumia umeme kutoka stesheni ya Saint-Jean hadi Saint-Aubin-de-Médoc, kaskazini-magharibi mwa jiji. Zipo pia garimoshi zinazounganisha Libourne upande wa mashariki na Arcachon upande wa bahari kupitia Bordeaux bila abiria kubadilisha chombo. Bunge la Ufaransa nalo lilipitisha sheria mnamo Desemba 2023 ya kuhimiza miji mikubwa nje ya Paris kuwa na huduma za aina hiyo.

Ni hatua za maana, ingawa zimekuja miaka 20 baada ya tramu. Reli hizo za mbali zilikuwapo ardhini tangu karne ya 19. Kilichokosekana ni garimoshi za kutosha na nia ya kumfikiria anayeishi mwisho wa reli.

Funzo kwa Nairobi

Msomaji wa Kenya anaweza kuuliza haya yatuhusu nini. Yatuhusu kwa sababu nasi tumo katika maamuzi ya aina hiyo, tena bila udhuru wa kutojua.

Nairobi nayo imepewa jina kutokana na mto, na wakazi wake wengi hawahitaji kuhubiriwa kuhusu kuishi bila gari. Wanafanya hivyo kila siku, alfajiri na jioni, kutoka Kibera, Mathare na Mukuru, wakikanyaga tope na kuvuka barabara kwa kukimbia. Mnamo Machi 2015 serikali ya kaunti ilizindua sera ya kuwajali waendao kwa miguu na kwa baiskeli. Miaka saba baadaye, mradi mkubwa uliofunguliwa jijini ulikuwa barabara ya juu ya kilomita 27, ambayo dereva huilipia ili aepuke msongamano ulio chini yake.

Tukiiga kidimbwi cha Bordeaux na kuacha ushuru wake wa uchukuzi, tutapata mahali pa kupigia picha. Tukiupamba mto wetu pasipo kuwakinga wapangaji walio kando yake, tutawasukuma hadi mahali ambapo nauli ya matatu itakula ujira wao. Na tukijenga njia za mabasi ya kasi zinazoishia pale wenye nafasi wanapoishi, tutakuwa tumerudia kosa la wenzetu huku tukilijua.

Basi kipimo cha jiji lisilohitaji gari kisiwe idadi ya baiskeli kando ya mto siku ya Jumapili. Kiwe ni muuguzi anayemaliza zamu usiku: anaishi umbali gani, anasubiri chombo kwa muda gani, na anabakiwa na shilingi ngapi akishafika nyumbani. Bordeaux, pamoja na uzuri wake wote, imeanza kulijibu swali hilo kwa kuchelewa. Sisi hatujalazimika kuchelewa.